Mgongo wa Baba Mkwe

Tangu aolewe Ngana, Angetile alikuwa hajawahi kumwona baba mkwe wake, na hilo halikumshangaza mtu. Ndivyo walivyoishi wake wote wa Wanyakyusa wa zama zile. Mke wa mwana hamtazami baba wa mumewe, haketi mahali alipo, halitamki jina lake, na wakikaribia kukutana njiani huingia migombani akajificha mpaka mzee apite. Mzee naye alikuwa na wajibu wake. Alitakiwa kukohoa mapema ili mkwe apate nafasi ya kukimbia, na kama pa kukimbilia hapakuwapo, yeye mzee aligeuka akampa mkwe mgongo. Aliyekosea alilipa ng'ombe, kwa hiyo wazee wa Ngana walikuwa wakikohoa kwelikweli.

Angetile hakuwa mwenyeji wa hapo. Alikuwa Mkisi wa Ikombe, kule ambako milima inashuka moja kwa moja ziwani na mgeni hafiki ila kwa mtumbwi. Kwao wanawake hufinyanga vyungu, huvipakia mitumbwini na kupiga kafi wenyewe kwenda kuvibadilisha kwa nafaka. Alipoletwa Ngana, kwenye tambarare ya mpunga na migomba kando ya mto Songwe, aliuona mwiko ule kama kifungo. Baadaye aliuzoea, tena akagundua kwamba una raha yake, maana mzee asiyeweza kukutazama hawezi pia kukukaripia.

Mzee mwenyewe jina lake Asajile. Boma la Wajerumani kule Tukuyu lilimwandika kuwa jumbe. Watu wake walimwita malafyale, yaani chifu, ingawa nchi yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba ungeimaliza kuitembea kabla viazi havijaiva jikoni. Yeye aliitikia majina yote mawili bila kinyongo. Alikuwa na mtumbwi wa kuvushia watu Songwe, ng'ombe wachache, na ulimi ambao haukupumzika.

Tena msidhani hawakuzungumza, yeye na mkwe wake. Alipokuwa na neno la kumfikishia, alisimama nje ya ua wa migomba akawaambia kuku.

"Nyie kuku," alisema, "chungu changu cha pombe kinavuja. Sijui kwa nini mwanangu alikwenda kuoa kwa wafinyanzi halafu mimi ninywe pombe inayovuja."

Angetile, upande wa pili wa ua, alinyamaza kama kwamba hakusikia. Baada ya siku chache chungu kipya kilipelekwa kwa mkono wa mama mkwe. Nacho kile cha zamani hakikurudi kitupu hata mara moja. Kilirudi kikiwa na boga ndani, au samaki mkavu, na kuku walipewa taarifa kwamba chungu kipya ni kizito lakini kinafaa. Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao, na yaliwatosha.

Kiangazi cha mwaka 1914, Ambokile, mume wa Angetile, alivuka Songwe kwenda Ungonde. Alikuwa amemweka ng'ombe wake kwa rafiki yake kule, kama watu walivyokuwa wakifanya ili mifugo isikae yote mahali pamoja ikaisha kwa ugonjwa mmoja. Sasa alitaka kumrudisha, kwa kuwa Angetile alikuwa mjamzito na maziwa yangehitajika. Kwenye ramani za wakubwa mto ule ulikuwa mpaka: huku Mjerumani, kule Mwingereza. Kwa watu wa kando zake ulikuwa mto tu. Walioana, walizikana, na aliyetaka kuvuka alisimama ukingoni akaita mtumbwi kwa sauti.

Ambokile hajarudi bado, akaja karani kutoka boma. Aliitwa Ambrose, kijana wa Rungwe aliyebatizwa na kusomeshwa na wamisionari, shati lake jeupe kupindukia kwa mtu aliyetembea kwenye vumbi lile. Alifuatana na askari mmoja mwenye bunduki. Amri yake ilikuwa kukusanya mitumbwi yote ya mtoni, kubwa na ndogo, iwekwe mahali pamoja chini ya ulinzi.

"Karibu, mdogo wangu," Asajile alimwambia. "Kaa. Hapa ni kwenu."

"Ndaga, kaka," Ambrose alimshukuru, akakaa. Alifurahi kuitwa mdogo wa chifu. Hakujua kwamba neno lile lingekuja kumgharimu.

Angetile alikuwa nyuma ya ua, akimenya ndizi na mama mkwe wake, na kila lililosemwa lilimfikia.

"Kuna vita?" mzee aliuliza.

"Haijajulikana," Ambrose alisema.

"Haijajulikana na nani?"

Ambrose alijikohoza kidogo, kisha akaeleza taratibu, kama mtu aliyeeleza jambo hilohilo kila kijiji alichopita. Bwana Mkubwa wa Tukuyu hawezi kuanza vita kwa akili yake mwenyewe. Lazima amuulize Gavana wa Dar es Salaam. Gavana naye lazima aulize Ulaya kwa Kaisari. Na Kaisari hana serikali moja tu. Ana serikali Kamerun, ana serikali Togo, ana serikali kwenye visiwa vya mbali ambavyo Ambrose hakuvijua. Hizo zote zinaulizwa zina askari wangapi, nani atajilinda mwenyewe na nani atasaidiwa, na majibu yanarudi huko juu kisha yanashuka tena.

"Yanashuka kwa njia gani?"

"Kwa waya, mpaka Iringa. Kutoka Iringa kuja kwetu hakuna waya. Ni miguu ya matarishi."

"Na huyu wa ng'ambo, Mwingereza?"

"Naye vilevile. Karonga inauliza Zomba. Zomba inauliza London, tena inabidi ipatane na wenzake wa Rodesia na wa Afrika Kusini, kwa sababu bila wao haina askari wa kutosha. Sasa bwana wetu alipoona jibu linachelewa, alimtuma mtu kwa bwana wa Karonga, akamuulize kama wao wawili wanapigana au hawapigani."



"Akajibu nini?" Asajile aliuliza.

"Kwamba naye anangoja aambiwe."

Mzee alicheka mpaka akapaliwa, akakohoa, na Angetile kwa mazoea aliinuka akaruka kisu na maganda, akaingia migombani. Mama mkwe alimrudisha kwa kumvuta kitambaa cha kiunoni.

"Serikali yenu ina wakwe wengi, mdogo wangu," Asajile alisema alipopata pumzi. "Hakuna anayemtazama mwenzake. Kila mmoja anasema na kuku."

"Mambo ya mkwe tumeyaacha kule misheni," Ambrose alisema kwa upole. "Ni mambo ya zamani, kaka."

"Sawa," alisema mzee. "Kula ndizi."

Siku zikaenda hivyo, za utulivu, ndizi zikiliwa na mitumbwi ikilala ukingoni. Kisha asubuhi moja tarishi akatokea kwenye njia ya Tukuyu. Majibu yalikuwa yameshuka. Vita ipo. Mitumbwi yote ya Songwe ipasuliwe siku hiyohiyo, na jua likifika utosini usionekane hata mmoja mzima. Aliyeko upande wa pili ahesabiwe kuwa mtu wa Mwingereza, na akijaribu kuvuka apigwe risasi.

Angetile alisikia hayo akiwa na mtungi wa maji kichwani. Aliutua chini polepole. Mto ule haukuwa wa kuogelea. Mamba walikuwa wakiota jua kwenye mchanga mchana kutwa. Kwenye vivuko vya juu, ambako maji hufika magotini, boma lilikuwa limeshaweka askari. Mtoto wake angezaliwa huku, baba yake akiwa kule, na katikati wangekaa watu waliotumwa na waya.

Kana kwamba hayo hayatoshi, ilipita kitambo kidogo tu sauti ikaja kutoka ng'ambo. Ilikuwa sauti ya Ambokile, akiita mtumbwi kama siku zote, taratibu, mtu asiye na habari ya chochote. Nyuma ya sauti yake ng'ombe alilia.

Askari alipeleka mkono kwenye bunduki. Ambrose alimzuia.

"Huyo ni mwanangu," Asajile alisema.

"Najua, kaka. Nasikitika. Amri haikusema lolote kuhusu wana."

"Basi uliza."

"Nimuulize nani?"

"Bwana wako. Aulize Dar es Salaam, Dar es Salaam waulize Ulaya, Ulaya waulize hao wa visiwani. Mmeshazoea."

"Jibu likirudi, hapa patakuwa pamejaa Waingereza."

Asajile aliegemea fimbo yake. Kisha akasema kwamba hata yeye ana utaratibu wake. Malafyale hapasui mtumbwi wa nchi kabla hajaulizana na wakubwa wa vijiji vyake, na hao lazima waitwe, wakae, waseme. Ambrose alitazama jua. Alikuwa ametoka katika watu haohao na alijua kwamba hilo ni kweli. Akakubali, mradi jua lisipite utosini.

Wakubwa wakaja, wakaketi, wakaanza kuulizana. Angetile aliyasikiliza maneno yao mpaka akachoka. Mmoja alizungumzia mpunga. Mwingine alikumbusha ugomvi wa mpaka wa shamba wa zamani za babu yake. Asajile aliwaacha waseme, akimshukuru kila mmoja, "ndaga, ndaga," kama kwamba ng'ambo hapakuwa na mtu aliyekuwa akiita hadi sauti inakauka. Angetile alimchukia. Alimchukia waziwazi moyoni mwake, mzee yule asiyeonekana, aliyekuwa na maneno ya kuku mwaka mzima na leo hana neno la mwanawe. Kama si mwiko angetoka akamwambia.

Hatimaye baraza likamalizika. Mitumbwi itapasuliwa, wakubwa wamekubali. Kikohozi kikasikika, fimbo ikagonga ardhi, na mzee akasimama nje ya ua, mahali pake pa siku zote.

"Nyie kuku," alisema. Sauti yake haikuwa na mzaha. "Nisikilizeni vizuri. Itapasuliwa kwanza mitumbwi ya watu. Wangu utapasuliwa mwisho. Wakati huo askari atakuwa hapa nyumbani anakula ndizi za nyama, mama yenu atampakulia nyingi. Mtoni nitakuwapo mimi, wazee wenzangu, na huyu mdogo wangu wa misheni. Sisi ni watu wa mwiko. Akipita wa kutupitia, tutageuka. Kafi nimeliacha ndani ya mtumbwi. Hapa Ngana hakuna mwanamke anayejua kushika kafi, kwa hiyo sina wasiwasi."

Fimbo ikagonga tena, ikaondoka zake. Mama mkwe hakuinua uso kutoka kwenye ndizi. Machozi yalikuwa yakimdondoka juu ya kisu.

"Umesikia kuku walivyoambiwa?" alimuuliza Angetile.

"Nimesikia, mama."

"Basi nenda. Mimi nina mgeni wa kulisha."

Matete ya Songwe yalikuwa marefu kuliko mtu. Angetile alijibanza humo akisikiliza shoka. Mtumbwi wa kwanza ulilia, wa pili ukalia, na wanaume waliokuwa wakiipasua hawakusemezana. Kisha shoka likanyamaza, maana ulikuwa umebaki mmoja.

Akatoka. Hakujifunika, hakuinama, hakukimbia. Alitembea juu ya mchanga mtupu, tumbo mbele, akiwaelekea wanaume waliokaa hapo.

Mzee mmoja alimwona kwanza akakohoa kwa hofu ya kweli. Asajile akageuka. Wazee wenzake, ambao kwa Angetile wote walikuwa baba wakwe, wakageuka pamoja naye, na wapasuaji waliokuwa wana wao wakatupa macho chini kwa heshima ya baba zao. Akabaki Ambrose peke yake, amesimama na shati lake, akitazama mwanamke akiuendea mtumbwi uliobaki.

"Kaka," alisema, "yule mwanamke..."

"Simwoni mwanamke," alisema Asajile, akiyaambia mashamba. "Wewe uliniita kaka mbele ya mke wangu na ukala ndizi zangu. Mke wa mwanangu ni mkwe wako. Geuka, mdogo wangu."

Ambrose alikuwa amesoma, na mambo haya alikuwa ameyaacha. Lakini mama yake alikuwa amemlea kabla wamisionari hawajamfundisha. Miguu yake iligeuka kwanza, kichwa kikafuata.

Hivyo Angetile alipoinama kuusukuma mtumbwi aliona migongo mitupu, na wa mbele kabisa ulikuwa wa baba mkwe wake. Alikuwa hajawahi kuwa karibu naye namna ile. Ulikuwa mgongo mwembamba, umepinda kidogo upande wa kushoto, na chini ya bega palikuwa na kovu refu la kucha za chui. Jasho lilikuwa likitiririka kwenye kovu lile. Ndipo alipoelewa kwamba mzee alikuwa akiogopa kama yeye.

Alipiga kafi. Mkondo ulimvuta kidogo, akauacha umvute kisha akaukata kwa mshazari, jinsi walivyofanya kwao upepo wa ziwa ulipogeuka. Ambokile alimwona akaachama.

"Ingia," Angetile alimwambia.

"Na ng'ombe? Tumfunge nyuma aogelee."

"Mamba watamfuata, na sisi tuko mbele yake. Ingia, Ambokile."

"Jana nilitembea kutwa nzima na huyu ng'ombe."

"Kuna vita. Chagua, ng'ombe au sisi wawili."

Ambokile alitazama tumbo, akatazama ng'ombe, na kwa aibu yake alichukua muda mrefu kidogo kuliko alivyopaswa. Kisha akaachia kamba. Ng'ombe alibaki ukingoni akitafuna majani, na tangu siku hiyo akawa mali ya Mwingereza.

Walipofika, migongo ilikuwa palepale. Angetile aliupitia mgongo wa mbele kwa karibu, kiasi cha kusikia pumzi yake, akaingia matete. Kikohozi kikasikika, wazee wakageuka. Ambokile alikuwa amesimama kwenye maji, amelowa hadi kiunoni.

"Umetoka wapi wewe?" Asajile alimuuliza.

Ambokile hakuwa mwepesi sana wa akili, lakini hata yeye aliona nyuso za watu.

"Shambani, tata," alimjibu, kama wana wanavyowaita baba zao kule.

"Alikuwa shambani," Asajile alimwambia Ambrose.

Ambrose aliutazama mtumbwi, uliokuwa ukichuruzika maji, na alama ya mguu wa mwanamke kwenye mchanga. Alivua kofia akajipangusa.

"Sikuona lolote, kaka," alisema. "Nilikuwa nimegeuka."

Asajile alichukua shoka mwenyewe akaupasua mtumbwi wake. Alifanya kazi hiyo bila haraka, na askari alipofika mtoni akijilamba vidole alikuta vipande tu.

Kesho yake vipande hivyo vilikuwa vimepangwa vizuri nje ya ua wa Angetile. Kuku waliambiwa kwamba mbao kavu za mtumbwi hazina kazi tena, ila pengine zinafaa kuchomea vyungu. Angetile alifinyanga chungu kikubwa kuliko vyote alivyowahi kufinyanga, akakichoma kwa moto huo, akakipeleka kwa mkono wa mama mkwe. Hakikuvuja.

Vita ilikuja, ikapita mbele na nyuma yao. Ambokile alichukuliwa na boma kubeba mizigo, akarudi mbavu nje lakini akarudi, akamkuta mwanawe anatambaa. Mwaka 1916 Waingereza walivuka Songwe, Wajerumani wakaondoka Tukuyu, na watu wakaambiwa kwamba sasa wana Mfalme mahali pa Kaisari. Asajile aliuliza kama huyo naye anauliza kwanza. Hakungoja jibu. Alikufa masika yaliyofuata, kwa homa, nyumbani kwake.

Siku ya msiba mama mkwe alimjia Angetile, akamshika mkono.

"Njoo umtazame," alisema. "Sasa hakuna mwiko tena."

Angetile aliingia nyumba ambayo hakuwahi kuikanyaga. Kwenye mkeka alilala mzee mmoja, ndevu chache nyeupe, masikio madogo, mdomo umefungwa. Alimtazama kwa muda mrefu. Alitaka kulia kama wenzake, na kilio hakikuja. Alikuwa mzee asiyemjua. Angekutana naye sokoni angempita.

Kisha wanaume wakamwinua ili wamlaze kwa ubavu, kama inavyotakiwa kaburini, na ngozi aliyofunikwa ikateleza. Ukaonekana mgongo mwembamba, uliopinda kidogo upande wa kushoto, na kovu refu chini ya bega.

Angetile alipiga magoti.

"Tata," alisema. Alikuwa hajawahi kumwita.